Fausto Coppi na Zamu ya Mbele

Mtu yeyote aliyepata kupanda baiskeli kutoka hapa Chanika kwenda Mbande katika mwezi wa Julai anaujua upepo wa kusi. Hauonekani, wala hausikiki sana, lakini humkaa mtu kifuani kama mkono wa mtu mzima anayemzuia mtoto asitoke nje. Nilipokuwa kijana nilikwenda njia hiyo pamoja na mwenzangu mmoja, kila mtu na baiskeli yake, tukapatana tangu mwanzo kwamba tutapokezana mbele. Yeye akatangulia. Mimi nikakaa nyuma yake, gurudumu langu likilifuata lake, nikaona raha ya ajabu, maana upepo wote ulikuwa wake. Zamu yangu ilipofika nikajifanya mguu unaniuma. Ilipofika mara ya pili nikajifanya mnyororo unataka kutoka. Basi mwenzangu akavuta njia nzima peke yake, na tulipoyaona mapaa ya Mbande mimi nikachomoka nyuma yake nikiwa na nguvu mpya, nikampita, nikafika wa kwanza, nikashangilia. Hakunigombeza. Alikunywa maji, akamaliza shughuli zake, akarudi Chanika bila ya kuningoja.

Nimelikumbuka jambo hilo hivi karibuni nilipokuwa nikisoma habari za Fausto Coppi, Mtaliana aliyekuwa bingwa mkubwa wa baiskeli wa zamani zake, naye alifariki dunia mwaka 1960. Nimeona vema niwasimulie wasomaji wa gazeti letu maisha yake. Wengi wanaomsifu humsifu kwa kwenda peke yake, na ni kweli kwamba hakuna aliyejua kwenda peke yake kama yeye. Lakini mimi nimeyasoma maisha yale nikitazama jambo lingine, yaani zamu ya mbele: nani alimvutia yeye, yeye alimvutia nani, na ilikuwaje siku ile alipokataa.

Kwanza niwaeleze wale wasiopanda baiskeli. Mtu anapokwenda kasi katika njia tambarare, adui yake mkubwa si uzito wa baiskeli wala ubovu wa mpira, bali ni hewa. Akitaka kuongeza kasi yake mara mbili, nguvu ya hewa inayomzuia huongezeka mara nne. Anayemfuata mwenzake karibu, gurudumu lake la mbele likiwa hatua moja au pungufu nyuma ya gurudumu la mwenzake, hupita katika hewa iliyokwisha pasuliwa, naye huokoa robo au hata theluthi ya nguvu zake. Kwa sababu hiyo watu wanne wanaopokezana hufika upesi kuliko mtu mmoja, hata akiwa ni hodari kuwashinda wote wanne. Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Wa mbele huvuta kwa muda mfupi, kisha hujitenga kando kidogo, hupunguza kukanyaga, wenzake wakampita, akashika nafasi ya mwisho, akapumzika hapo mpaka zamu yake irudi. Upepo ukitoka ubavuni, mstari hupangwa mshazari barabarani ili kila mtu ajifiche kando ya mwenzake. (Wanafunzi wasije wakajaribu haya katika barabara yetu penye malori na daladala!) Hakuna mwamuzi wa jambo hili. Kanuni za mashindano hazimlazimishi mtu kwenda mbele. Anayekataa zamu yake haadhibiwi, na pengine ndiye anayeshinda, kama nilivyoshinda mimi Mbande.

Fausto Coppi alizaliwa tarehe 15 Septemba 1919 katika kijiji kidogo cha Castellania, katika vilima vya Piemonte, kaskazini ya Italia. Baba yake Domenico na mama yake Angiolina walikuwa wakulima wenye watoto watano. Fausto hakuwa mtoto mwenye nguvu za kutazamika: kifua chake kilikuwa kipana lakini kimetokeza kama cha ndege, miguu mirefu myembamba. Watu waliomwona akitembea kwa miguu hawakudhani kuwa ni mchezaji wa mchezo wowote. Alipopanda baiskeli mambo yalibadilika.

Shule hakuipenda sana. Husimuliwa kwamba siku moja alitoroka masomo ili aendeshe baiskeli kuukuu aliyoipata nyumbani, na mwalimu wake akamwadhibu kwa kumwandikisha mara mia moja kwamba mahali pake ni shuleni wala si juu ya baiskeli. Mimi ni mwalimu, na adhabu hiyo naiona ya haki, ingawa sina budi kukiri kwamba haikufaa kitu. Akiwa na umri wa miaka 13 aliacha shule akaenda kufanya kazi kwa muuza nyama mmoja katika mji wa Novi Ligure. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyama kwa wanunuzi kwa baiskeli, akipanda na kushuka vilima kila siku na mzigo wake, kama wanavyofanya wachukuzi wa mkaa wanaopita hapa kwetu kuelekea Pugu na mjini. Mjomba wake mmoja, baharia, aliyeitwa Fausto kama yeye, alimpa fedha za kununulia baiskeli ya mashindano.

Huko Novi Ligure alikutana na mtu aliyemfanya awe bingwa, naye alikuwa kipofu. Jina lake ni Biagio Cavanna. Zamani alikuwa mpiga ngumi, kisha akawa mkandaji wa wapanda baiskeli, na macho yake yalipozimika aliendelea na kazi ile ile. Alimkanda kijana huyu, akaipapasa misuli yake, akasikiliza moyo wake, akajua kwa vidole vyake jambo ambalo wenye macho hawakuliona. Cavanna aliwafunza vijana kula kwa kiasi, kulala mapema, na kwenda njiani kwa makundi, kila mtu akichukua zamu yake.

Mwaka 1940 Coppi aliajiriwa katika timu ya Legnano. Hakuajiriwa ili ashinde, bali ili amsaidie Gino Bartali, aliyekuwa mfalme wa baiskeli wa Italia, mshindi wa Mzunguko wa Italia mwaka 1936 na 1937, na wa Mzunguko wa Ufaransa mwaka 1938. Hapa ni lazima nieleze kazi ya msaidizi. Wataliana humwita gregario. Yeye huenda mbele katika upepo ili bwana wake apumzike nyuma. Huteremka kutafuta maji akayaleta. Bwana akipata pancha, humpa gurudumu lake mwenyewe, kisha hubaki kando ya njia akingojea gari. Saa moja kabla ya mwisho nguvu zake huwa zimekwisha, akaachwa, na jina lake halitajwi. Basi kijana Coppi, mwenye miaka 20, alianza Mzunguko wa Italia akiwa mtu wa namna hiyo.

Siku ya pili, katika njia ya kwenda Genova, mbwa alikatiza barabarani, Bartali akaanguka akaumia. Hakutoka mashindanoni, lakini alipoteza muda mwingi. Siku chache baadaye, mvua ikinyesha katika milima ya Abetone, Coppi aliwaacha wote akafika Modena peke yake, akavikwa fulana ya waridi ya kiongozi. Mambo yakageuka. Msaidizi akawa bwana, na bwana, ambaye hakuwa mtu wa kunyenyekea upesi, akawa msaidizi. Katika milima mikali ya Dolomiti, Bartali alimsindikiza yule kijana na kumtia moyo alipochoka. Tarehe 9 Juni 1940 Coppi alifika Milano akiwa mshindi, kijana kuliko wote waliopata kushinda mashindano yale. Siku ya pili yake, tarehe 10 Juni, Italia ikaingia vitani.

Vita vilikula miaka yake mitano mizuri. Alipewa nafasi ya kujaribu rekodi ya mwendo wa saa moja mwezi wa Novemba 1942, katika uwanja wa Vigorelli huko Milano, mji uliokuwa umekwisha pigwa mabomu, akaenda zaidi ya kilometa 45 katika saa ile. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1956. Kisha akapelekwa Afrika kuwa askari. Mwezi wa Aprili 1943 Waingereza walimteka katika nchi ya Tunisia, akawa mfungwa wa vita. Alirudi Italia mwaka 1945, kama maelfu ya wengine, amekonda na hana kitu.

Machi 1946 ndipo watu walipomjua kwa jina la mtu wa peke yake. Katika mashindano ya Milano mpaka San Remo, mwendo wa kilometa 290 hivi, alitoka na kundi dogo karibu na mwanzo kabisa, jambo ambalo wajuzi waliliona kuwa ni la kipumbavu. Kundi lile likapukutika. Mlimani Turchino akabaki peke yake, na alipofika San Remo aliyemfuata alikuwa nyuma kwa dakika 14. Tangu hapo kila alipotoka mbele na kuacha nafasi, wengine walianza kushindania nafasi ya pili.

Lakini sasa katika Italia kulikuwa na mabingwa wawili, Coppi na Bartali, kila mmoja na timu yake, na nchi nzima ikagawanyika. Bartali alikuwa mtu wa dini, mzee zaidi kwa miaka mitano, akipendwa na watu wa desturi za kale. Coppi alipendwa na vijana na wale waliotaka mambo mapya. Katika vilinge vya kahawa watu walibishana, na hata katika nyumba moja baba alikuwa wa huyu na mwana wa yule. Wenyewe walizidi kutazamana kwa wivu, na matokeo yake yalionekana mwaka 1948.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana siku hii ndiyo iliyonirudisha Mbande.

Mwezi wa Agosti 1948 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Valkenburg, katika Uholanzi. Bartali alikuwa ametoka kushinda Mzunguko wa Ufaransa mwezi uliopita. Coppi alikuwa hodari kama alivyokuwa. Katika mashindano haya hawakuvaa fulana za timu zao bali fulana ya taifa lao, wote wawili rangi moja. Kama wangepokezana zamu, sijui ni nani katika dunia angeweza kuwafuata. Lakini Coppi alihofu kwamba akivuta atampeleka Bartali kwenye ushindi, na Bartali alihofu vivyo hivyo. Basi kila mmoja akakaa nyuma akimtazama mwenziwe. Wengine wakaondoka mbele. Hao wawili hawakuwafuata. Huyu akipunguza mwendo, na yule akapunguza. Wakabaki nyuma kabisa, halafu wote wawili wakashuka katika baiskeli zao wakaacha mashindano. Ubingwa ulichukuliwa na Mbelgiji, Briek Schotte, mtu wa kazi ngumu asiye na makuu. Chama cha baiskeli cha Italia kiliwasimamisha Coppi na Bartali kwa muda kwa aibu waliyoileta.

Jambo la kutazama ni kwamba hakuna mmoja wao aliyevunja kanuni. Wala hakuna aliyemwibia mwenziwe kitu. Mimi pale Mbande nilipata angalau furaha ya dakika tano. Hawa, waliokuwa wajuzi mara elfu kuliko mimi, hawakupata hata hiyo. Nadhani ni kwa sababu walijuana mno. Mwenzangu aliniamini, ndiyo maana nikaweza kumdanganya. Wao hawakuaminiana hata kidogo, kwa hiyo hapakuwa na wa kudanganywa.

Mwaka uliofuata, 1949, ndio mwaka wake mkubwa. Katika Mzunguko wa Italia, tarehe 10 Juni, njia ilitoka Cuneo ikapita juu ya milima mitano mirefu mpaka Pinerolo. Coppi aliondoka katika mlima wa kwanza, wa Maddalena, akaenda peke yake karibu kilometa 192, ambao ni mwendo kama wa kutoka mjini Dar es Salaam mpaka Morogoro peke yako bila mtu wa kukukingia upepo, tena milima mitupu. Aliyemfuata alikuwa Bartali, naye peke yake, nyuma kwa karibu dakika 12. Wataliana bado wanaisimulia siku hiyo.

Baada ya wiki chache walitakiwa waende Ufaransa pamoja katika timu moja ya taifa. Watu wakasema itakuwa Valkenburg nyingine. Mkuu wa timu alikuwa Alfredo Binda, bingwa wa zamani, mtu mtulivu sana, aliyefanya kazi kubwa ya kuwapatanisha kabla ya kuondoka. Mwanzo ulikuwa mbaya. Katika njia ya kwenda Saint-Malo, Coppi alianguka, baiskeli yake ikavunjika, akapewa nyingine isiyokuwa yake. Akasimama kando ya njia kama mtoto aliyenuna, akataka kurudi nyumbani. Binda akamsihi sana ndipo akaendelea, na jioni ile alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya nusu saa. Mtu huyu aliyesifiwa kuwa kama chuma alikuwa na moyo mwepesi wa kuvunjika, na pasipo mtu wa kumsemesha angeshuka.

Kisha ikaja milima ya Alpi. Tarehe 18 Julai, katika njia ya kwenda Briançon, Coppi na Bartali waliwaacha wengine wote juu ya mlima Izoard, wakaenda pamoja wawili tu. Safari hii walisaidiana. Siku hiyo Bartali alikuwa akitimiza miaka 35, na Coppi alimwacha afike wa kwanza, akavikwa fulana ya manjano. Kesho yake walikwenda tena pamoja, wakavuka mpaka kuingia Italia, wakielekea Aosta. Bartali akapata pancha, kisha akaanguka. Coppi akamngoja. Binda akaja na gari, akaona kwamba wanaowafuata watawafikia, akamwamuru Coppi aende zake. Akaenda. Alifika Aosta peke yake, fulana ya manjano ikawa yake mpaka Paris. Bartali alikuwa wa pili, nyuma kwa karibu dakika 11. Kabla ya Coppi hakuna mtu aliyepata kushinda Mzunguko wa Italia na ule wa Ufaransa katika mwaka mmoja.

Watu wamebishana miaka mingi kama Coppi alikuwa na haki kumwacha mwenzake pale. Mimi nasema alikuwa na haki, kwa kuwa alingoja kwanza, na aliondoka kwa amri. Lakini naelewa kwa nini Bartali hakulifurahia.

Coppi alikuwa na ndugu, Serse, mdogo wake kwa miaka minne, aliyeendesha baiskeli katika timu yake. Hakuwa na kipawa cha kaka yake, ingawa mwaka 1949 alitangazwa mshindi wa Paris–Roubaix pamoja na Mfaransa André Mahé baada ya mabishano marefu. Kazi yake hasa ilikuwa kumchekesha Fausto na kumwondolea huzuni, maana Fausto alikuwa mtu wa huzuni. Tarehe 29 Juni 1951, katika mashindano ya Piemonte, karibu na mji wa Torino, gurudumu la Serse lilinasa katika reli za tramu, akaanguka akagonga kichwa. Aliinuka akamaliza safari. Jioni ile akafa. Fausto alitaka kuacha mchezo kabisa. Alikwenda Ufaransa mwezi uliofuata, lakini wote waliomwona walisema ni kivuli chake.

Mwaka 1952 alirudi na nguvu zote. Alishinda tena Italia na Ufaransa pamoja, na katika Ufaransa aliyekuwa wa pili aliachwa kwa zaidi ya dakika 28. Lakini mtu ninayempenda katika hadithi ya mwaka huo ni msaidizi wake, Andrea Carrea. Siku ya kwenda Lausanne, Carrea alifuatana na kundi lililotoka mbele, ili kulilinda tu kwa faida ya Coppi, asivute wala asiliache. Kundi lile likapata nafasi kubwa, na walipofika, hesabu ikaonyesha kwamba Carrea ndiye kiongozi wa mashindano yote. Alipoambiwa avae fulana ya manjano alilia. Hakulia kwa furaha: alidhani amemkosea bwana wake. Alisimama barabarani amevaa fulana ile, akimtazamia Coppi afike ili amwombe radhi. Coppi alimpongeza. Kesho yake, juu ya mlima Alpe d'Huez, Coppi aliichukua fulana hiyo, na Carrea akarudi katika kazi yake ya upepo na maji akiwa ametulia moyo.

Katika mashindano hayo hayo ilipigwa picha mashuhuri: Coppi na Bartali wanapanda mlima, jua kali, na chupa ya maji imo mikononi mwao wote wawili, inatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nani alimpa nani? Kila mmoja alisema ni yeye aliyetoa. Wamekufa wote bila ya kulimaliza shauri hilo. Nimeitazama picha ile mara nyingi na siwezi kuamua.

Sikusudii kumfanya malaika. Mwaka 1953, katika Mzunguko wa Italia, Mswisi Hugo Koblet alikuwa akiongoza. Siku moja kabla ya mlima wa Stelvio, Coppi na Koblet walikwenda pamoja mpaka Bolzano wakisaidiana, na Koblet akamwacha Coppi ashinde siku ile. Ilieleweka kwa watu wengi kwamba maana yake ni amani: Mtaliana amepata siku yake, Mswisi atabaki na mashindano. Tarehe 1 Juni, juu ya Stelvio, Coppi alimshambulia Koblet akamwacha, akachukua ushindi wa tano wa Mzunguko wa Italia. Wapo wanaosema hapakuwa na ahadi, na mashindano ni mashindano. Koblet hakuona hivyo. Mwaka huo huo Coppi alikuwa bingwa wa dunia huko Lugano, katika nchi ya Koblet.

Mambo ya nyumbani kwake, jinsi ndoa yake ilivyovunjika na jinsi alivyopelekwa mahakamani kwa sheria za Italia za siku zile, yaliandikwa mno katika magazeti, nami sina haja ya kuyarudia hapa. Yalimzeesha. Aliendelea kupanda baiskeli hata alipotimiza miaka 40, akishindwa na watu ambao zamani wasingaliweza kumwona mgongo.

Mwezi wa Desemba 1959 aliitwa pamoja na wapanda baiskeli wa Ufaransa waende Afrika, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Upper Volta, ambayo sasa ni Burkina Faso. Walifanya mashindano katika mji wa Ouagadougou tarehe 13 Desemba, halafu wakaenda kuwinda. Coppi alilala chumba kimoja na rafiki yake Raphaël Géminiani, Mfaransa mwenye asili ya Kitaliana. Mbu walikuwa wengi. Wakarudi Ulaya kabla ya Krismasi, kila mtu kwao.

Wote wawili wakashikwa na homa. Géminiani alikuwa Clermont-Ferrand, akazidiwa hata akapoteza fahamu. Damu yake ikapelekwa kupimwa katika taasisi ya Pasteur, ikaonekana malaria, ile kali ya Plasmodium falciparum, ndiyo hiyo hiyo tuliyo nayo hapa Chanika kila mvua za masika zinapopita. Akapewa kwinini, akapona. Coppi alikuwa Italia, katika wakati wa baridi, katika nchi ambayo madaktari hawakutazamia kuiona homa ya namna hiyo. Walidhani ni mafua makali ya kifua. Husimuliwa kwamba jamaa za Géminiani walipiga simu kueleza kilichopatikana katika damu ya mwenzake, lakini neno lao halikushika. Tarehe 2 Januari 1960, katika hospitali ya Tortona, Fausto Coppi alikata roho. Alikuwa na miaka 40.

Hapa kila mzazi anayesoma gazeti hili anajua ambalo lingefanywa. Tone moja la damu, ndani ya dakika chache, katika zahanati yoyote. Nimeona wanafunzi wetu wakitoka darasani na homa asubuhi wakarudi na jibu la kipimo kabla ya saa sita. Bingwa wa dunia hakulipata, na aliyelala kitanda cha pili katika chumba kile kile alilipata. Géminiani aliishi mpaka mwaka 2024, akafa ana miaka 99.

Mchezo wake umeenea tangu hapo, hata kwetu Afrika ya Mashariki. Mweritrea Biniam Girmay alishinda siku tatu katika Mzunguko wa Ufaransa wa 2024, akavaa fulana ya kijani, na mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Nilitazama ile siku ya Kigali katika televisheni pamoja na wanafunzi kadhaa. Mmoja akaniuliza kwa nini yule wa mbele anapunga kiwiko cha mkono. Nikamwambia anamwita wa nyuma yake apite, zamu imekwisha. Akaniuliza, na asipokuja? Sikuwa na jibu fupi, ndiyo maana nimeandika haya.

Coppi alizikwa Castellania, na maelfu ya watu walipanda kile kilima kwa miguu katika baridi ya Januari. Bartali aliishi miaka 40 baada yake, mpaka mwaka 2000. Tangu mwaka 1965, kilele kirefu kuliko vyote katika Mzunguko wa Italia huitwa kwa jina la Coppi, na mwaka 2019, ilipotimia miaka mia moja tangu kuzaliwa kwake, kijiji chenyewe kikaongezewa jina kikawa Castellania Coppi. Kaburi lake ni la watu wawili. Serse yumo ubavuni mwake.